Nguo Zilizobaki Stoo

Katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, kuna agizo dogo ambalo wasomaji wengi hulipita. Mtu akishapokelewa kuwa mtawa huvuliwa nguo alizokuja nazo, akavikwa za monasteri. Zile za kwake hazitupwi wala hapewi mwingine. Zinawekwa stoo, ili siku akiamua kuondoka avuliwe za watawa na arudishiwe zake. Na sura hiyo hiyo, ya 58, ndiyo inayomtaka aachane na mali yake yote, asibakize hata senti. Anaachishwa shamba na ng'ombe, kisha anatunziwa kanzu kuukuu.

Wabenedikto wapo Tororo, kwenye priori ya Kristo Mfalme, na wapo pia masista wanaoifuata Kanuni hiyo. Mimi ni mwanasheria, si mhubiri. Lakini mtu wa ukanda huu wa Masaba, awe wa Tororo au wa Busia ya upande wowote, akiniuliza kama ni halali kuuza kila alicho nacho na kuhamia kwenye jumuiya ya waumini wanaokula chungu kimoja, mimi huanzia kwenye stoo hiyo.

Ni halali. Katiba za Uganda na Kenya zinalinda imani, na mwenye mali anaruhusiwa kuitoa. Waumini wa kwanza wa Yerusalemu walifanya hivyo. Barnaba aliuza shamba akaleta fedha miguuni pa mitume. Wanaoisimulia habari hiyo madhabahuni hupenda kurukia kifo cha Anania na Safira, wakaruka alichosema Petro kabla yake: kwamba shamba lilikuwa la Anania kabla hajaliuza, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa mkononi mwake. Kosa lilikuwa uongo. Hakuna aliyemlazimisha kutoa.

Swali la kwanza la sheria basi ni lile la Petro: ni yako? Hapa kwetu jibu si jepesi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Wajopadhola, Wateso na Wasamia upande wa Uganda inamilikiwa kimila, na Katiba ya 1995 inautambua umiliki huo. Aliyerithi kwa baba anashika kwa niaba ya walio hai na watakaozaliwa, na ukoo una neno lake. Juu ya hapo, Sheria ya Ardhi ya 1998, kama ilivyorekebishwa 2004, inakataza kuuza au kugawa ardhi ambayo familia inakaa na kupata riziki yake bila ridhaa ya mume au mke. Karatasi iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) huku mama watoto yuko sokoni haitoshi, hata kama mpokeaji ni askofu.

Ukivuka daraja la Malaba kuingia Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema karibu hayo hayo, na kwa shamba la kilimo kuna kizingiti kingine: bodi ya ardhi. Zawadi nayo inahitaji kibali cha bodi, sawa na mauzo. Maombi yasipopelekwa ndani ya miezi 6, mapatano ni batili. Wazee wa bodi mara nyingi humuuliza mwenye shamba: familia yako itakula wapi? Wapo wanaoliona swali hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona ndilo lenye maana kuliko yote yanayoulizwa kwenye kikao.

Ng'ombe hawana hati. Mabati, cherehani na pikipiki ndivyo vinavyoondoka upesi, tena kwa bei ya kutupa, kwa sababu muuzaji ana haraka na mnunuzi ameiona haraka yake. Mwaka 2023, si mbali na hapa, waumini kutoka kijiji cha Obululum wilayani Serere waliuza mali zao wakaenda Ethiopia kufuata mafundisho ya kanisa lao. Mwaka huo huo Kenya ilishuhudia makaburi ya Shakahola, Kilifi, ambako miongoni mwa waliozikwa walikuwemo watu walioacha kazi na kuuza walichokuwa nacho ili wahamie msituni. Na Kanungu, Uganda, miaka 23 nyuma, wafuasi wa kundi la kidini walikabidhi mapato ya mali zao kwa viongozi. Dunia ilipokataa kuisha 31 Desemba 1999 kama viongozi hao walivyotabiri, inaelezwa kuwa wengine walianza kudai walichotoa. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa liliteketea kwa moto na mamia ya watu ndani yake.

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza: ulitoa kwa hiari? Mahakama zetu zilirithi kanuni za Uingereza, na kesi inayofundishwa kila mwaka kwenye vyuo vya sheria ni ya Bi Allcard dhidi ya Bi Skinner, ya 1887. Allcard aliingia shirika la masista wa Kianglikana, akaweka nadhiri 1871, na urithi wake ukaingia mikononi mwa Skinner, mama mkuu. Katika taratibu za shirika kulikuwa na moja iliyowashtua majaji: sista asitafute ushauri wa mtu wa nje bila ruhusa ya mkuu. Hakuna aliyethibitisha ulaghai, wala kwamba Skinner alitumia fedha hizo kwa manufaa yake. Hata hivyo majaji waliona kuwa mtu aliye chini ya utii wa namna hiyo, asiye na wa kumuuliza, hawezi kuhesabiwa kuwa ametoa kwa hiari kamili. Hali hiyo wanasheria huiita ushawishi usio halali, na Sheria ya Mikataba ya Uganda ya 2010 imeiandika.

Jambo hili ndilo ningependa msomaji alikamate. Mahakama haipimi imani ya mtoaji, wala ukweli wa mafundisho. Inapima kama alikuwa na mtu wa nje wa kumuuliza, na kama alipewa muda.

Sheria ya Kanisa Katoliki imejifunza hilo kwa karne nyingi, na kwa maumivu. Mnovisi, aliye bado kwenye majaribio ya utawa, hachukuliwi mali. Kabla ya nadhiri za kwanza anakabidhi usimamizi wa mali yake kwa amtakaye yeye, hata ndugu yake, lakini inabaki kuwa yake. Unovisi ni miezi 12 kwa uchache. Nadhiri za muda ni miaka 3 au zaidi. Kabla ya nadhiri za daima anaandika wasia unaokubalika pia kwa sheria za nchi, na ni kipindi hicho tu ndipo mashirika yanayodai ufukara kamili humwachisha umiliki. Anayeharakishwa kutoa mali yote kabla ya Jumapili ijayo na ajiulize kwa nini watu walioifanya kazi hii miaka 1,500 hawana haraka hiyo.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Akiondoka, mtawa hawezi kudai mshahara wa miaka aliyofanya kazi. Shirika linatakiwa tu limtendee kwa haki na upendo. Wahutteri, Wakristo walioanza kumiliki mali kwa pamoja mwaka 1528, ni wagumu zaidi. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kuwa waliofukuzwa kwenye koloni lao kwa kubadili dini hawana fungu. Walikuwa wametia saini wakijua. Kwangu uamuzi ule ni mchungu, ila unaonyesha uzito wa saini iliyotiwa kwa hiari.

Na Bi Allcard? Alishindwa. Aliondoka shirikani 1879, akakaa karibu miaka 6 kabla ya kushtaki, na majaji wakasema amechelewa mno. Anayerudi nyumbani leo akiwa na mfuko mmoja wa nguo anaona aibu, anakaa kimya, na muda wa sheria unahesabika: kwa kawaida miaka 6 kwa madai ya mkataba, 12 kwa ardhi, pande zote za mpaka. Ng'ombe aliyeuzwa mnadani harudi zizini, mfanyabiashara alinunua kihalali. Wa kudaiwa ni aliyepokea fedha, na kitu cha kwanza wakili atakachouliza ni karatasi ya kuonyesha kuwa alipokea. Siku ile ya kutoa, katikati ya nyimbo na machozi, ni nani aliyethubutu kuiomba?