Spika Themanini na Kiti cha Pembeni

Muziki wa elektroakustiki hutungwa studioni kwa sauti zilizorekodiwa au kuzalishwa na mitambo, kisha husikika kupitia spika. Mara nyingi jukwaani hakuna mpiga ala wala mwimbaji. Kinachobaki kufanywa siku ya onyesho ni kuamua kila sauti itokee wapi, ielekee wapi na kwa nguvu gani, kazi ambayo kwa watunzi wengi ni nusu ya pili ya utunzi wenyewe.

Ugumu wake unaanzia masikioni. Binadamu hutambua upande wa sauti kwa tofauti ndogo za nguvu na muda kati ya masikio mawili. Sauti ya ubavuni hufika sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa milisekunde 0.6 au 0.7 hivi. Studioni, mtunzi hukaa katikati ya spika mbili. Zikitoa sauti ileile kwa nguvu sawa, yeye huisikia mbele yake, mahali pasipo na spika yoyote. Ukumbini wanaobahatika kukaa kwenye mstari huo wa kati ni wachache. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo aliye karibu na spika moja kwa mita 1 kuliko nyingine huisikia hiyo karibu milisekunde 3 mapema, na ubongo huifuata iliyotangulia. Chote kilichopangwa kwa makini studioni humwangukia upande mmoja.

Watunzi wamejaribu majibu kadhaa. Mwaka 1951, mjini Paris, mhandisi Jacques Poullin alimtengenezea mtunzi Pierre Schaeffer mtambo wa kugawa sauti kwa spika nne: mbili mbele, moja nyuma na moja juu ya wasikilizaji. Mwendeshaji alisogeza koili ndogo mkononi kati ya pete kubwa zilizomzunguka, na hadhira iliona sauti ikifuata mkono. Mtunzi Karlheinz Stockhausen alichukua njia tofauti katika Kontakte, kazi aliyoikamilisha mwaka 1960. Aliweka spika juu ya meza inayozungushwa kwa mkono, akaizungushia maikrofoni nne na kurekodi mzunguko huo katika chaneli nne. Hapo mwendo wa sauti ukawa sehemu ya kanda yenyewe.

Jibu lililodumu zaidi nchini Ufaransa ni Acousmonium ya mtunzi François Bayle, iliyoanza kutumika mwaka 1974. Spika zake, takriban 80, hupangwa jukwaani na ukumbini kama okestra, zikitofautiana kwa ukubwa na tabia. Hoja yake ni rahisi: sauti inayotoka kwenye spika halisi iliyo kushoto itasikika kushoto kwa kila mtu, hata aliyekaa pembeni. Mwendeshaji hukaa kwenye mikisa katikati ya hadhira, vidole vikiwa juu ya vitelezi, na kuigawa rekodi ya chaneli mbili tu. Mnong'ono huweza kupelekwa kwenye spika za mbali zilizoelekezwa ukutani, na kishindo kikafunguliwa kwa spika zote. Wanaoanza hupenda kuzungusha kila kitu, na hadhira huchoka upesi. Mtu mzoefu hukaa dakika nzima na spika mbili ili ya tatu iwe na maana. Besi nzito haina haja ya kuhamishwa, kwani sikio halitambui vizuri inakotoka.

Kompyuta imeleta njia za kukokotoa mahali pa sauti. Mwaka 1971 mtunzi John Chowning alionyesha jinsi ya kuiga sauti inayosogea kwa kubadilisha nguvu, mwangwi na kimo chake. Katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin upo ukumbi wenye spika zaidi ya 2,700 zilizozunguka kuta, zikiendeshwa kwa chaneli 832 ili kuunda upya wimbi la sauti lenyewe, kila kiti kisikie chanzo mahali palepale. Hata hivyo, mbinu hiyo ina mpaka: chaneli zikiachana kwa sentimita 10, usahihi huanza kupungua juu ya hezi 1,700 hivi, na kwa kuwa safu ya spika ni ya mlalo, sauti haiwezi kupandishwa juu ya vichwa vya watu bila spika nyingine darini.