Tutunze Maji ya Ruvu Kuanzia Nyumbani

Maji ya bomba yanayotumika Kibaha na Kisarawe mjini hutoka chanzo kimoja: Mto Ruvu. Mto huu huanzia milima ya Uluguru mkoani Morogoro, na maji yake husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, kisha husambazwa na DAWASA. Tangu mwaka 2020, bomba la kutoka Kibamba huyafikisha Kisarawe. Mto huohuo huhudumia pia Jiji la Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo, kina chake kilipopungua mwezi Oktoba 2022, mgao wa maji ulitangazwa. Mwananchi hana uwezo wa kuongeza maji mtoni, lakini anaweza kuzuia upotevu nyumbani kwake.

Pima uvujaji

Uvujaji mwingi hauonekani kwa macho. Usiku, kabla ya kulala, funga bomba zote, hakikisha tangi limejaa, kisha andika namba zilizo kwenye dira ya maji. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufungua bomba, soma tena. Endapo namba zimesogea, maji yanavuja: kagua boya la tangi, tangi la choo na maungio ya mabomba.

Kwa bomba linalodondosha, kinga kikombe kwa saa moja. Nusu lita kwa saa ni lita 12 kwa siku na lita 360 kwa mwezi, sawa na ndoo 18 za lita 20. Mara nyingi chanzo ni mpira wa ndani uliochakaa, ambao hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ikumbukwe kuwa uniti moja kwenye ankara ni lita 1,000, yaani ndoo 50.

Tumia maji zaidi ya mara moja

Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagiliwe bustani. Maji ya kusuuzia nguo yatumike kusafisha choo au kudekia. Wakati wa kupiga mswaki, kunyoa au kutawadha, kopo au birika hutumia maji machache kuliko bomba lililoachwa wazi. Bustani imwagiliwe alfajiri au jioni, na mashina yafunikwe kwa majani makavu ili udongo usikauke upesi.

Kinga mvua

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Hivyo, paa la mita 8 kwa 10 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,600. Hata robo ikipotea, hubaki ndoo 60. Kaya isiyo na tangi ianze na mfereji wa bati na pipa. Mvua za vuli huanza Oktoba, hivyo mifereji isafishwe mapema. Maji ya kwanza yaachwe yapite kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Vyombo vifunikwe kuzuia mazalia ya mbu, na maji ya kunywa yachemshwe.

Toa taarifa

Bomba likipasuka mtaani, toa taarifa mapema katika ofisi ya DAWASA. Vijijini, taarifa itolewe kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii au ofisi ya RUWASA ya wilaya. Ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa nayo itasaidia kuifikisha. Maji yanayomwagika barabarani leo ni yale ambayo kaya iliyo mwisho wa bomba imeyakosa.