Fahamu: Mtikisiko wa ubongo na usingizi unaopotea

Bodaboda inateleza kwenye mchanga njia ya Nanyamba, mkoani Mtwara, abiria anapiga kichwa chini. Anainuka, anajipangusa vumbi, anasema hana neno. Wiki ya tatu bado anakesha akisikiliza majogoo. Mchana jua linamchoma macho na jina la jirani linamtoka.

Ni nini?

Ubongo umetikiswa ndani ya fuvu na utendaji wake ukavurugika. Picha ya CT mara nyingi hutoka safi. Si lazima mtu azimie.

Usingizi unaingiaje?

Wapo wanaolala mno siku za kwanza, kisha usingizi unapaa. Kukesha huzidisha maumivu ya kichwa, nayo maumivu hufukuza usingizi. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki 2, watoto wiki 4. Wengine huchukua miezi. Kuchelewa kupona si uvivu wala kurogwa, na inauma kusikia mgonjwa akisemwa hivyo msimu wa korosho, kazi zinapobana.

Afanye nini?

Wataalamu wa majeraha ya kichwa michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri mgonjwa apumzike kwa kiasi saa 24 hadi 48 za mwanzo, huku akitembea taratibu. Kumfungia gizani wiki nzima humchelewesha. Alale na kuamka saa zilezile, aache pombe, na simu aiweke mbali usiku.

Hatari ni ipi?

Akitapika mfululizo, akipata degedege, maumivu yakizidi au asipoamshika, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mkoa wa Mtwara, rufaa huelekea hospitali ya mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo.