Upasuaji ukiharibika, familia ianze na jalada la mgonjwa

Katika kata ya Isansa, wilayani Mbozi, mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa ni lazima asafiri. Anaandikiwa rufaa, ndugu wanachanga, magunia ya mahindi yanauzwa hata kama bei ni mbaya, kisha safari inaanza kuelekea Vwawa, Hospitali ya Misheni ya Mbozi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya. Akirudi mzima, watu wanashukuru. Akirudi ndani ya jeneza, au akirudi hawezi tena kushika jembe, swali huanza kuulizwa kwa sauti ya chini pale pale msibani: ni ugonjwa uliomzidi, au kuna mtu ambaye hakutimiza wajibu wake?

Mara nyingi swali hilo huzikwa pamoja na marehemu. Wazee husema tumwachie Mungu, vijana huapa kwenda mahakamani, wiki zinapita na hakuna linalofanyika. Naandika kwa ajili ya familia hizo, na nina jambo moja la kuwaambia: kabla ya kuamua kushtaki au kusamehe, daini maelezo na nyaraka. Mfanye hivyo mapema, kwa sababu sheria inahesabu siku hata wakati ninyi mnalia.

Si kila kifo ni uzembe

Yapo makosa ambayo hayahitaji mjadala. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza linalofanana walibadilishwa. Aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa mguu. Huyo wa pili alifariki baadaye. Nchi nzima ilishtuka na madaktari waliohusika walisimamishwa. Miaka zaidi ya 10 baadaye, mwanzoni mwa 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi ilipatwa na balaa la aina hiyo hiyo: mgonjwa aliyekuwa na uvimbe tu alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo.

Mengi yanayotokea hayako wazi namna hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ulionyesha kuwa asilimia 2.1 ya waliopasuliwa walifariki, kiwango ambacho ni maradufu ya wastani wa dunia. Kati ya waliofariki, zaidi ya 9 katika kila 10 walikufa baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake, familia isiitazame meza ya upasuaji peke yake. Iulize pia usiku uliofuata wodini: nani alimpima presha, homa ilipopanda nani aliitwa, na alifika saa ngapi.

Mahakama haimhukumu daktari kwa sababu mgonjwa amekufa. Kipimo kinachotumika, ambacho mizizi yake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1957 iitwayo Bolam, ni kama alifanya kile ambacho daktari mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo angekifanya. Mdai anapaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba mgonjwa alikuwa mikononi mwa mhudumu huyo, kwamba huduma ilikuwa chini ya kiwango, na kwamba upungufu huo ndio uliosababisha madhara. Hili la tatu ndilo linaloangusha madai mengi. Mgonjwa aliyefikishwa hospitali utumbo ukiwa umeshatoboka siku kadhaa angeweza kufa hata mikononi mwa bingwa.

Karatasi ndizo zinazozungumza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki ya mgonjwa nayo hupotea hivyo hivyo. Familia iandike barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, iombe nakala ya jalada lote: cheti cha rufaa, fomu ya ridhaa iliyosainiwa, kumbukumbu za daktari wa usingizi, taarifa ya upasuaji, chati za wauguzi, majibu ya maabara na muhtasari wa kuruhusiwa. Ibaki na nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa. Hospitali ikikataa, shauri likishafunguliwa mahakama inaweza kuamuru nyaraka hizo zitolewe.

Kuna karatasi moja inayotuhusu Watanzania kwa namna ya pekee. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, timu inathibitisha kwa sauti jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na sehemu ya mwili. Kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, vifaa na vitambaa vinahesabiwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmojawapo ulikuwa Ifakara. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo familia ina haki ya kuuliza: siku ile, ukaguzi huu ulifanyika? Umeandikwa wapi?

Kama mgonjwa amefariki na kuna shaka, uchunguzi wa maiti uombwe kabla ya mazishi. Najua uzito wa ombi hilo huku kwetu, maiti ikiwa inasubiriwa na ukoo mzima. Lakini chanzo cha kifo kisipothibitishwa wakati huo, kukithibitisha baadaye ni kazi ngumu mno. Vilevile waliomuuguza waandike wanachokikumbuka, siku kwa siku, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na maneno ya msibani.

Milango miwili, na saa inayokimbia

Mlango wa kwanza ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia wanataaluma wa tiba na meno. Kwa wauguzi na wakunga lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza haya hupokea malalamiko, huchunguza, na yanaweza kumwonya mhudumu, kumsimamisha au kumfuta katika daftari. Fidia hayatoi.

Fidia hutafutwa mahakamani. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, madai ya namna hii yana miaka mitatu. Kama hospitali ni ya Serikali, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inataka notisi ya siku zisizopungua 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa miaka mingi watu wa Mbozi wameifuata jijini Mbeya. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unazigusa pia halmashauri, wamiliki wa vituo vingi vya afya vijijini. Hospitali ya binafsi au ya dini haina sharti hilo la notisi, ila miaka mitatu iko pale pale.

Kwa marehemu, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia nyingi hugombania suala hilo mwaka mzima, huku muda wa madai ukiisha. Pia atahitajika daktari mwingine wa kutoa ushahidi wa kitaalamu, na huyo si rahisi kumpata wala si bure. Asiyemudu wakili aanze na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri.

Ipo hofu nyingine: tukiwashtaki, kesho tutatibiwa wapi? Hofu hiyo ina msingi mahali ambapo hospitali zinahesabika kwa vidole. Lakini kuuliza kwa barua yenye heshima si uadui. Daktari aliyefanya kazi yake kwa uaminifu analindwa na jalada lililoandikwa vizuri, na hospitali inayoeleza ukweli mapema hujiepusha na kesi nyingi. Ninayemwona mwenye kosa kubwa kuliko wote ni yule anayewaambia ndugu "imetokea tu" kisha akafunga mlango.

Kwa hiyo, ndugu wa Isansa, Vwawa na Tunduma, msikimbilie mahakamani kwa hasira, na msinyamaze kwa woga. Andikeni barua ya kuomba jalada ndani ya wiki chache, teueni msimamizi wa mirathi mapema, na mwoneni mwanasheria kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Nao waganga wafawidhi wa mkoa wa Songwe nawaomba jambo moja: familia ikija kuuliza, iketisheni, fungueni jalada, na iambieni kilichotokea.