Uso wa Hyde: kutoka riwaya hadi sinema

Riwaya ya Robert Louis Stevenson, Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, ilichapwa mwaka 1886, nayo ina sura 10. Katika sura 8 za kwanza msomaji humfuata Utterson, mwanasheria mkimya wa London, anayetaka kujua kwa nini rafiki yake Daktari Jekyll amemrithisha mali yake yote Hyde, mtu katili asiye na asili inayojulikana. Kwamba wawili hao ni mtu mmoja ni jambo lisilofichuliwa mpaka sura ya 9.

Hapo ndipo ugumu wa sinema unapoanzia. Maandishi huweza kuficha uso, kamera haiwezi. Aidha, siri yenyewe imekwisha kuzagaa, hata ni nadra mtu kuingia ukumbini bila kuijua. Rouben Mamoulian, katika sinema yake ya mwaka 1931, aliiacha kabisa. Picha za mwanzo zinaonwa kwa macho ya Jekyll mwenyewe: mikono yake ikipiga kinanda, kisha uso wake kiooni. Mtazamaji yumo ndani ya Jekyll kabla hajamwona.

Badiliko la kwanza lilifanywa mbele ya kamera bila kukata picha. Fredric March alipakwa rangi ambayo haikuonekana kupitia kichujio cha rangi ile ile. Kichujio kilipobadilishwa, mistari meusi ilijitokeza usoni. Kwa kuwa filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, hadhira haikuitambua hila hiyo.

Hata hivyo, kilicho kigumu zaidi si ufundi. Wahusika wa Stevenson wanaokutana na Hyde huchukizwa naye, lakini hakuna awezaye kutaja kilema chake. March alivalishwa meno makubwa na nywele za sokwe: jibu la wazi mno kwa swali ambalo mtunzi aliliacha bila jibu kwa makusudi.

Athari yake ni kubwa. Katika riwaya Hyde ni uovu mtupu, ila Jekyll si wema mtupu. Hubaki mchanganyiko, mzee wa heshima aliyeficha anasa zake miaka mingi. Neno ndumilakuwili lingemfaa Jekyll kuliko Hyde, ambaye hamdanganyi mtu. Mamoulian anamfanya Jekyll kijana mwema ambaye baba wa mchumba wake anaichelewesha harusi. Mchumba huyo hayumo katika riwaya. Mchumba aliletwa kwanza na tamthilia ya Thomas Russell Sullivan, iliyoigizwa Boston mwaka 1887. Hivyo tamaa ya Jekyll inapata udhuru, na lawama inamwangukia mkwe.

Victor Fleming, mwaka 1941, alimbadilisha Spencer Tracy usoni kwa kiasi kidogo tu. Hyde wake anafanana mno na Jekyll, lakini wanaomjua daktari hawamtambui, na mtazamaji anabaki akijiuliza wao wanaona nini.