Fahamu: Jinsi Aristotle alivyofika Rwanda kwa njia ya Kilatini

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na mwanafunzi wa Kagugu, Kigali, anayejifunza ngeli zake anagusa mjadala mzito wa falsafa. Aina kumi za yaliyopo alizozitaja Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zilitafsiriwa kwa Kilatini na Boethius katika karne ya 6, Thomas Aquinas akazitumia katika karne ya 13, na mwaka 1879 Papa Leo XIII akaagiza mafundisho ya Aquinas yapewe uzito. Ndipo yakafika seminari ya Nyakibanda nchini Rwanda, alikosoma Padri Alexis Kagame. Lakini Kagame hakupokea akanyamaza. Katika kitabu chake cha 1956 alizikunja zile kumi zikawa nne, kwa ushahidi wa ngeli za Kinyarwanda: umuntu (chenye akili), ikintu (kisicho na akili), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu (namna ya kuwa).

Mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin alimpinga: falsafa ni hoja za mtu anayeweza kubishiwa, wala si fikra za kabila zima zilizofichwa ndani ya lugha. Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa maoni yangu Kagame aliiamini sarufi kupita kiasi. Hata hivyo, mwaka 1958 mwanaisimu Mfaransa Émile Benveniste alidai kuwa aina za Aristotle zenyewe zinafuata maumbo ya Kigiriki. Ikiwa ni hivyo, kuanzia kwenye lugha si kosa. Kosa ni kuishia hapo. Na Kagame aliandika kwa jina lake, akabishiwa kwa jina lake. Kwa kipimo cha Hountondji mwenyewe, hiyo ni falsafa.