Lori la Kikuubo na siri ya jina lake

KIKUUBO kwa Kiganda ni kichochoro. Lakini kichochoro hiki cha Kampala, jirani na kituo cha mabasi, ni ghala la wafanyabiashara wa Juba, Arua, Bunia na Goma. Sabuni, sukari, vitenge na mafuta ya kupikia hutoka madukani mabegani mwa wapagazi hadi kwenye malori. Mengi ya malori hayo yana jina moja usoni: Isuzu.

Wengi hudhani kila Isuzu imekuja nzima kutoka Japani. Sivyo. Nyingine zimeunganishwa Nairobi, na tofauti hiyo humgusa mnunuzi mfukoni.

Mimi nilisoma Nairobi, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Siku hizo tuliambiwa kwamba Kenya inatengeneza magari. Leo nikiwa mwalimu huwaeleza wanafunzi wangu kuwa kutengeneza ni jambo moja, kuunganisha ni jingine.

Mwaka 1975 kampuni ya General Motors ya Marekani iliingia ubia na serikali ya Kenya. Miaka miwili baadaye, 1977, kiwanda cha Nairobi kilianza kutoa magari. Vipuri vililetwa ndani ya makasha, mafundi wakaviunganisha. Mbona basi kampuni ya Wamarekani ikatoa malori ya Kijapani? Ni kwa sababu General Motors ilikuwa imenunua hisa za Isuzu tangu mwaka 1971.

Viwanda vingine vya kuunganisha magari vilikuwa Thika, ambako Leyland ya Uingereza ilianzisha chake, na Mombasa. Katika miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa, magari yaliyotumika yalifurika kutoka Japani na Dubai. Magari madogo ya kuunganishwa nchini, kama vile Peugeot 504, yakashindwa kwa bei. Lori likastahimili. Mwenye lori hutafuta vipuri vya uhakika na fundi anayelijua. Isitoshe, kiwandani hutoka kabini na chesisi tu; bodi hujengwa na mafundi wa hapa kwetu kulingana na mzigo au abiria. Ndivyo NQR ilivyogeuka basi la abiria 33 katika miji ya Kenya.

Mwaka 2017 General Motors iliiuzia Isuzu hisa zake zote katika kampuni hiyo ya Nairobi, asilimia 57.7. Jina likabadilika kutoka General Motors East Africa na kuwa Isuzu East Africa. Malori yakaendelea kutoka.

Sasa tuje kwa mnunuzi. Majuzi ndugu zangu wawili waliouza shamba ili wanunue lori la kwenda Arua waliniomba niwasomee karatasi. Muuzaji mmoja alisema "Elf", mwingine "NPR", nao wakaona ni magari mawili ya mbali. La hasha. Kule Japani, lori dogo la aina ya N huitwa Elf, na lile kubwa zaidi, la aina ya F, huitwa Forward. La Nairobi huuzwa kwa herufi: NPR, NQR, kisha FRR, FVR na FVZ.

Ukoo ni mmoja, lakini injini, gia na breki zaweza kutofautiana. Injini ya 4HF1 ni ya lita 4.3, 4HK1 ni ya lita 5.2. Ukinunua kipuri kwa kutaja jina la lori pekee, waweza kurudi nacho dukani, huku mzigo wako ukingoja barabarani.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, soma namba ya injini na ya chesisi, uzilinganishe na kadi ya gari. Angalia pia mwaka wa kuundwa, kwani sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lililofikisha miaka 15. Nakili yote hayo daftarini kabla ya kutoa hata shilingi moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.